Haragwe Lililopanda Kifuani

Juzi jioni nilikuwa jikoni kwangu, Dodoma, namenya tangawizi mbichi ya chai. Kisu kilipopita kwenye kifundo cha kwanza harufu ikanipanda puani ghafla, na badala ya jiko nikaona barabara nyekundu inayoteremka kutoka milimani kwetu hadi Same. Niliona magunia ya tangawizi chini yangu, na mdogo wangu Elisante amelala kifuani kwa mama, anahema kama mtu aliyekimbia, ilhali alikuwa amebebwa. Nikaweka kisu mezani. Mume wangu akauliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Kila mwaka nachora mwili wa binadamu ubaoni, na watoto wanakariri mifumo yake kwa sauti moja: upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, mzunguko wa damu, utoaji wa taka, fahamu. Wanakariri vizuri sana. Ila mimi sikuanza kuujua mwili kwa kukariri. Nilianza kwa kuweka sikio kwenye kifua cha mtoto wa miaka minne, na wakati huo karibu kila nilichoamini kuhusu mwili kilikuwa si kweli.

Kwetu ni Upare ya Kusini, kijiji kilichokaa begani mwa mlima, ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Baba alikuwa seremala mjini Moshi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Waliobaki ni mama, bibi mzaa baba, mimi na Elisante. Nilikuwa darasa la tatu na nilijiamini sana. Bibi alikuwa akisema watoto wengine huzaliwa wakilia, lakini huyu Nakunda alizaliwa akieleza.

Elimu yangu ya mwili ilitoka kwa mbuzi. Kila Krismasi baba mdogo, aliyekaa nyumba ya chini yetu, alichinja mbuzi uani, nami nilisimama karibu kabisa kwa kuwa hakuna aliyenifukuza. Niliona mapafu mepesi ya rangi ya waridi yameuzunguka moyo, nikaamua kwamba yale ni godoro: moyo hulala hapo usije ukaumia mbuzi anaporuka mawe. Niliona ini, nikaamua ni damu ya akiba iliyogandishwa, ya siku mbuzi akijikata. Na mgongoni, ndani ya mafuta meupe, niliona figo mbili zenye umbo la haragwe, hata kile kidoa cha ubavuni kipo. Sikuona haja ya kumuuliza mtu. Ilikuwa wazi kwamba mbuzi yule aliwahi kumeza maharage mawili, yakakaa ndani, yakakua.

Shuleni nako nilipata ushahidi zaidi. Mwalimu alitufundisha kuotesha maharage kwenye pamba mbichi ndani ya kopo, akatuambia mbegu inahitaji maji, hewa na joto. Nilikaa kwenye dawati nikayapima maneno yake. Tumboni kuna maji, kwa sababu tunakunywa. Kuna hewa, kwa sababu tunacheua. Kuna joto, kwa sababu mkojo hutoka wa vuguvugu. Basi mtu akimeza haragwe zima lazima liote. Niliwaeleza hayo wenzangu wakati wa mapumziko, na wawili kati yao waliacha kula makande kwa wiki nzima.

Sasa siku ya kupura maharage ilipofika, mama na bibi walitandaza turubai uani, wakawa wanayapiga kwa fimbo, maganda yanapasuka, mbegu zinaruka huku na huko. Elisante alijaza mashavu yake kwa maharage makavu, akawa anazunguka turubai akijifanya ngoma, anajipiga mashavuni na kucheka kwa puani. Mama akamwambia atoe. Akatoa mengi, hakutoa yote. Hapo hapo mtoto wa mbuzi aliyekuwa amefunguliwa akaja kwa nyuma akampiga kichwa cha makalio. Elisante akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi.

Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Mama alitupa fimbo, akamwinamisha, akampiga mgongoni. Likatoka haragwe moja, mate, machozi, kisha kikohozi kikapungua. Baada ya muda mfupi alikuwa amekaa chini analia kwa sauti ya kawaida, akimtukana mtoto wa mbuzi.

"Ulikuwa na mangapi mdomoni?" mama akamuuliza.

"Mawili."

"Na la pili liko wapi?"

Elisante akaonyesha koo, kisha tumbo, kisha akanyoosha mikono kama mtu asiyehusika.

"Limepita," bibi akasema. "Kama analia namna hiyo, limepita. Mpe ugali alisindikize. Kesho kutwa litatoka lenyewe."

Wakampa tonge la ugali, akala, akaomba lingine. Kazi ikaendelea. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na wasiwasi, na wasiwasi wangu haukuwa wa kifo hata kidogo. Nilikuwa nawaza mmea utatokea wapi.

Kuanzia jioni ile nikawa namsikiliza. Nilimlaza mkekani, nikaweka sikio tumboni, naye akakubali kwa sababu nilimwambia ni mchezo wa shamba. Nilisikia mambo mengi mle: maji yanayokimbia, miguno, kitu kama mtu anayesogeza kiti chumba cha pili. Sasa najua ulikuwa utumbo ukisukuma chakula mbele, ukikisaga na kukinyonya, kazi yake ya kila siku. Wakati huo nilijua ni mizizi.

Siku chache zilipita, kikohozi kikarudi, safari hii na homa. Bibi akachemsha tangawizi na asali. Mama akambeba mpaka zahanati ya kijiji, muuguzi akampima homa, akampa dawa ya maji, akasema arudishwe asipotulia. Homa ikashuka. Kikohozi hakikuondoka. Elisante aliacha kukimbia. Alianza kukaa jikoni karibu na bibi kama mzee mwenzake, na alipopanda kile kilima kifupi cha kutoka mferejini alisimama katikati na kushika magoti.

Jioni moja nilimlaza tena mkekani nimsikilize. Tumbo lilikuwa na kelele zake zilezile. Lakini nilipopandisha sikio kifuani nikakutana na jambo jipya. Upande wa kushoto, nyuma ya mapigo ya moyo, kulikuwa na upepo unaokuja na kuondoka, laini, kama majani ya mgomba usiku. Upande wa kulia kulikuwa na mluzi. Mluzi mwembamba, mrefu, kisha hakuna kitu. Nikarudi kushoto: upepo. Nikarudi kulia: mluzi, kisha kimya.

Maharage ya kwetu yale marefu hupanda. Ukiyapa mti hupanda mti, ukiyapa kamba hupanda kamba, yanatafuta jua. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Nikaenda jikoni kwa mwendo wa mtu anayeleta habari rasmi.

"Mama, haragwe la Elisante limeota. Limetoka tumboni limepanda. Sasa limefika kifuani, upande wa kulia, linapiga mluzi."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akacheka. Bibi naye akacheka, akasema likitoa maua nimwite. Nikakasirika, maana sikuwa natania.

"Njoo usikie mwenyewe! Kushoto kuna upepo, kulia hakuna. Kwa nini upande mmoja usiwe na upepo?"

Nadhani swali hilo ndilo lililomfanya aweke ungo chini. Alinifuata mpaka mkekani kwa uso wa mtu anayemridhisha mtoto. Akapiga magoti, akaweka sikio kushoto. Akahamisha kulia. Akakaa hapo. Niliutazama uso wake, nikaona lile tabasamu likiondoka polepole, kama maji yanavyoondoka kwenye mfereji yakifungwa juu.

"Mama," akamwita bibi, "njoo."

Bibi alikuja, akamtazama Elisante bila kuinama. Akamvua shati. Akatazama mbavu, jinsi ngozi ilivyokuwa ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta hewa.

"Masikio yangu yamechoka," alisema, "lakini macho bado ninayo. Huyu anavuta hewa kwa mbavu. Mimi niliposema limepita nilikosea. Alfajiri uondoke naye."

Hakuna aliyezungumza habari ya maua tena.

Asubuhi mama alipokuwa akijifunga kitenge akaniambia nivae viatu. Nikauliza kama sitakwenda shule. "Wewe ndiye uliyesikia," akasema. "Ukiulizwa utajibu mwenyewe." Sijui kama kuna heshima niliyowahi kupewa maishani ikazidi ile.

Kwenye zahanati muuguzi alitusikiliza bila kutukatiza. Aliposikia neno haragwe aliinua kichwa. "Mama Nakunda, siku ile uliniambia anakohoa. Hili hukuniambia."

"Tulijua lilishashuka, dada yangu. Alikuwa anakula vizuri."

Akachukua kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka mgongoni kwa Elisante kushoto na kulia, mara kadhaa. Kisha akapiga simu Same, akatoka mwenyewe barabarani kusimamisha gari. Lililokuwapo ni pikapu lililobeba tangawizi ya sokoni. Dereva alimtaka mama akae mbele, lakini ndani ya gari Elisante alihema vibaya zaidi, alitaka upepo, kwa hiyo tukapanda nyuma juu ya magunia. Harufu ile ndiyo iliyonifuata mpaka Dodoma.

Tulikuwa tumeshapita makorongo mengi, tumeanza kuziona tambarare za chini, kavu, zenye miti ya miiba, gari lilipoingia kwenye shimo. Elisante akarushwa kidogo mikononi mwa mama. Akakohoa mara moja. Kisha akanyamaza.

Ule mluzi niliokuwa nimeuzoea ukakatika. Alifungua mdomo na hakuna kilichoingia wala kutoka. Alimtazama mama, macho makubwa, mikono inashika hewa. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi, ikawa kama zambarau.

"Elisante!" mama akaita. "Elisante, baba yangu!"

Nikasimama juu ya magunia nikapiga bodi la gari kwa ngumi zote mbili. "Simama! Simama!" Breki zikalia, vumbi likatufunika. Mama alikuwa amemgeuza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa chini, anampiga katikati ya mabega kwa kiganja, akisali na kupiga, kupiga na kusali. Dereva alishuka akabaki amesimama na mikono kichwani.

Halafu ukaja. Mluzi. Mwembamba kuliko wa mwanzo, kisha kilio chembamba nyuma yake. Sijawahi kuipenda sauti mbaya namna ile. Mama alimwinua akamweka wima begani, akamwambia dereva kwa sauti tulivu kabisa, "Twende, kaka. Lakini mashimo uyaone." Pale, kwa mara ya kwanza, nilielewa kwamba mdogo wangu angeweza kufa, na kwamba mmea niliokuwa nikiuwaza haukuwa habari ya kufurahisha.

Hospitalini Same tulipokelewa na daktari mwanamke, mfupi, mwenye miwani iliyoshuka puani. Nilimsalimia, "Shikamoo, daktari," akajibu "Marahaba" huku mikono yake tayari iko kifuani kwa Elisante. Wakampiga picha ya kifua. Akaja nayo, akaiinua dirishani.

"Haragwe lenyewe halionekani kwenye picha," alimwambia mama. "Lakini ona pafu la kulia lilivyojaa kupita la kushoto. Hewa inaingia kwa shida, na kutoka inashindwa. Kuna kitu kimekaa kwenye njia kama kizibo. Moshi wana kifaa cha kukitoa. Gari la wagonjwa linajiandaa, mnaondoka sasa hivi, na muuguzi wangu na hewa ya mtungi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Daktari akanigeukia mimi, nadhani ili mama apate nafasi ya kufuta uso.

"Wewe ndiye uliyesikia?"

"Ndiyo. Liliota tumboni likapanda."

Hakucheka. Nashukuru mpaka leo kwamba hakucheka. Aliuliza nimejuaje, nikamweleza yote: pamba, joto la mkojo, figo za mbuzi. Akavuta kiti.

"Sikio lako limesikia sawa," alisema. "Ramani ndiyo haiko sawa. Shika shingo yako hapa mbele. Unahisi bomba gumu lenye pete? Hiyo ni njia ya hewa. Nyuma yake kuna nyingine laini, ya chakula. Ukimeza, kuna kijifuniko kinaifunga ile ya hewa. Mdogo wako hakumeza. Alivuta pumzi, kijifuniko kikiwa wazi. Haragwe halikufika tumboni hata kidogo, kwa hiyo halikupanda. Liliteremka."

"Kwenye godoro la moyo?"

"Godoro gani?"

Nikamwonyesha kifuani. Akatabasamu kidogo. "Mapafu si godoro. Yanavuta hewa na kuipa damu. Moyo unaisukuma damu ile mpaka kwenye kidole chako cha mguu, mpaka kwenye ubongo, na kila mahali inapofika panahitaji hewa hiyo. Figo nazo huchuja damu, uchafu hutoka kwa mkojo. Hazijawahi kuwa maharage."

Nilifikiri. "Kwa hiyo pafu likiziba, ubongo unakosa. Na moyo. Na vyote."

"Ndiyo maana tunakimbia," akasema, akasimama, kwa sababu gari lilikuwa tayari.

Barabara ya lami kwenda Moshi sikuiona. Nilikuwa nimeinama nautazama mdomo wa Elisante ndani ya kifuniko cha hewa, unavyofanya ukungu na kuufuta, na kila ukungu nilioona niliona damu inapokea mzigo wake na kuondoka nao kwenda mbali. Nilikuwa nimepewa ramani mpya na sikutaka kuipoteza njiani.

Baba, aliyekuwa amepigiwa simu kutoka Same, alikuwa mlangoni mwa hospitali, unga wa mbao bado uko kwenye nyusi zake. Alimchukua Elisante mikononi hatua chache tu, kisha wauguzi wakampokea, mlango ukafungwa. Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakapitisha kifaa chembamba chenye taa mdomoni mwake. Tulikaa kwenye benchi, baba, mama na mimi katikati. Baba alijaribu kuniuliza habari za shule. Nikamwambia kwamba bomba la mbele lina pete. Akaniambia vizuri. Baadaye alinishika shingo taratibu kwa kidole gumba, akalitafuta lile bomba, akalipata, akaacha mkono wake hapo.

Daktari aliyetoka alikuwa mrefu na amechoka. Kwenye kikombe kidogo cha plastiki alikuwa na haragwe. Lilikuwa limevimba, laini, ganda limepasuka ubavuni, na ndani ya ule mpasuko, mimi niliyekuwa nimezitazama mbegu nyingi kwenye pamba, niliona kitu cheupe kimeanza kuchungulia.

"Limekaa kwenye unyevu na joto," alimwambia baba. "Lilikuwa linazidi kuvimba. Mmefika kwa wakati."

Nilimtazama mama. Mama akanitazama. Nilijua, na yeye alijua, kwamba katika mambo yote niliyoyakosea, hilo moja sikulikosea.

Yapo mengi niliyojifunza baadaye, chuoni na vitabuni. Elisante ana watoto wake sasa, anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wetu, na ana mapafu ambayo majirani huyalalamikia. Lakini nikitaka kujua kwa nini nilichagua kazi hii, sikumbuki kitabu chochote. Nakumbuka wodi ile ya Moshi, siku iliyofuata, jua likiwa limejaa dirishani, na mama akinishika mkono kunipeleka kitandani.

Elisante alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa. Niliinama nikaweka sikio upande wa kushoto. Upepo. Nikahamia kulia, pale palipokuwa na mluzi na kimya. Nilingoja. Kifua kikanyanyuka chini ya shavu langu, kikajaa, na upepo ukapita, mwanana, mzima, ukaenda mpaka mwisho na kurudi. Nikabaki hapo. Nilisikiliza pumzi nyingine, na nyingine, na sikuweza kuondoka.

Mkono mdogo ukanisukuma usoni.

"Dada," Elisante akasema, macho bado yamefumbwa, "kichwa chako kizito. Toka."

Na mama, ambaye tangu alipouweka ungo chini kule nyumbani hakuwa amecheka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifunika uso kwa kitenge, akacheka mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka naye.